Tulimzika Mchana

Jumatatu, Machi 11

Wazee wametupa ruhusa ya kutumia msitu kwa masharti mawili. Tusivunje hata kijiti cha kuchemshia chai, na jua likianza kuteremka tuwe tumeshatoka sote. Wachira alikubali mbele yao kwa adabu, kisha ndani ya gari akacheka mpaka akapaliwa. Filamu ya mizimu isiyoruhusiwa kupigwa usiku!

"Si neno," akasema. "Tutapiga mchana, kompyuta itie giza. Jua kali ndilo mbalamwezi nzuri kuliko zote."

Wachira ndiye mwongozaji wetu. Wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka la misumari na mabati Kisumu kabla hajazaliwa, na akikasirika Dholuo yake, lugha yetu sisi Waluo, ni kali kuliko yangu. Nimemhusudu tangu siku aliposoma hadithi niliyoandika nikiwa chuo hapa Bondo, akanipigia simu: "Dorca, umeninyima usingizi." Ndiyo tunayoipiga sasa. Mwanamke aliyepotelewa na mume ziwani anaingia msituni kumtafuta, na msitu unamrudishia kila mtu aliyewahi kupotea isipokuwa mumewe.

Kazi yangu nyingine ni kuandika kila kitu. Kifungo kipi kilikuwa wazi, kikombe kilikuwa mkono gani, ili picha ya leo na ya kesho zishikane. Kazi hii inanifaa. Mimi husahau vitu vichache mno.

Jumanne, Machi 12

Mvua. Tumeshinda lojing tukicheza karata. Sheryl, anayeigiza yule mwanamke, ametushinda sote na kutuita maiti.

Alhamisi, Machi 14

Msitu wenyewe ni mdogo. Ukisimama kwenye lami unaufunika kwa kiganja. Ukishaingia, barabara haisikiki tena, wala jogoo wa jirani, na mwanga unakujia kutoka pembeni badala ya juu. Sheryl alikimbia kati ya miti mara sita akipiga mayowe. Kila alipomaliza alikaa kwenye kiti cha plastiki na kuomba maandazi.

Wakoli, fundi wa sauti, alitusimamisha mara tatu.

"Nani anakwangua sufuria?"

"Ni tumbo lako," akasema Calvince wa kamera.

"Mimi siko kwa mchezo. Kuna kitu kinakwaruza, halafu maji yanamwagika. Kinakwaruza, yanamwagika. Nyinyi hamsikii?"

Hatukusikia. Anakisikia kwenye hedfoni tu. Akabadilisha waya, akabadilisha maikrofoni, akazunguka kutafuta bomba au kijito. Hakuna. Ziwa liko mbali, mwendo wa saa nzima kwa gari.

Jumapili, Machi 17

Nimekwenda nyumbani Usenge. Mvua imeharibu omena, dagaa wetu wa ziwani. Mama anazianika, wingu linakuja, anazikusanya, jua linatoka, anazianika. Nikamsaidia. Hakuniuliza kazi ninayofanya, nami nikasema ni utafiti.

Sahani ya Obonyo bado inapakuliwa. Agosti itakuwa miaka minne tangu kaka yangu alipopotea. Mashua waliyokwenda nayo kuvua omena ilikuwa inavuja. Wenzake wawili walikumbatia mitungi mitupu wakaokolewa asubuhi. Walisema yeye alikataa kutoka, alibaki ndani akichota maji kwa kopo na kuyamwaga nje, akisema mashua si yake, mwenye mashua atamwambia nini.

Mwili haukuonekana. Kwetu, mtu akipotea majini namna hiyo huzikwa yago badala yake, lile tunda refu la mti wa mwegea, nene kama paja la mtu. Likishafukiwa kwa jina lake, mambo yamekwisha. Amekufa. Hata akirudi kesho kwa miguu yake, hana nyumba ya kuingia. Baba zangu wadogo wamekuja mara mbili na yago begani, na mara mbili Mama amewafukuza, mara ya pili kwa ufagio.

"Nitazika mtu aliye kazini?" aliwaambia. Walimwona amerukwa na akili. Nami niliona hivyo hivyo.

Analala sebuleni kwenye kochi, kichwa upande wa dirisha linalotazama ziwa. Nilikula nikiitazama ile sahani, nikaona haya kwa hasira niliyokuwa nayo juu ya kipande cha samaki.

Jumanne, Machi 19

Wakoli amenivisha hedfoni kwa nguvu. "Wewe ni mtu wa ziwa. Niambie hii ni nini."

Nikasikiliza. Bati likikwaruza ubao. Kimya kifupi, kama mtu anageuza kiwiliwili. Maji yakimwagika juu ya maji. Bati likikwaruza ubao.

Hakuna mtoto wa Usenge asiyeijua sauti hiyo.

"Sijui," nikamwambia.

Jumatano, Machi 20

Mvua. Sikutoka chumbani.

Ijumaa, Machi 22

Tumempata mtu wa kuigiza mzee wa mazishi. Anaitwa Mzee Joram, karani wa posta mstaafu, na wanasema amesimamia mazishi ya yago mara kumi na moja. Alikuja kujionyesha amevaa suti ya buluu na meno mapya ya bandia ambayo alimtaka Calvince ayapige picha kutoka kulia, si kushoto. Aliuliza kama filamu itafika Nairobi. Wachira akasema itafika hata Ulaya. "Basi suti inatosha," akasema Mzee.

Nilimwona mtu wa majivuno matupu. (Nimeongeza baadaye: nayaacha maneno haya ili nikumbuke nilivyokosea.)

Jumanne, Machi 26

Nataka kuyaandika haya kwa utaratibu, kama ninavyoandika vifungo na vikombe.

Saa tano na nusu asubuhi. Jua kali, wingu jeusi upande wa ziwa. Kaburi limechimbwa mahali palipo wazi katikati ya msitu. Calvince amelileta yago kwa mkono mmoja, amelipakata kama mtoto. Limefungwa shuka jeupe. Sheryl amepiga magoti, kanga imeshuka bega la kushoto. Wakoli ameniashiria kwa kidole kwamba ile sauti ipo.

Mzee Joram akasimama kichwani pa kaburi, akafungua kinywa, akakifunga.

"Jina gani?"

"Otieno," akasema Wachira. "Imeandikwa hapo, Mzee."

"Otieno yupi?"

"Wa filamu tu."

"Bwana, kutoka hapa hadi Usenge akina Otieno ni wangapi? Nikimfukia mtu aliye hai, wewe utakuwa umeshapanda gari lako. Nani atalala?"

"Basi tutie jina lisilo la mtu."

"Jina lisilo la mtu litamlaza nani humo?"

Wachira alishika kichwa. "Mzee, si ni mchezo? Hujawahi kuigiza?"

"Kanisani kila Pasaka mimi ni Pilato. Ijumaa hii njoo unione. Lakini Pilato alikwisha kufa, hana malalamiko." Akatugeukia sisi wengine. "Nipeni mtu aliyekufa kweli."

Calvince akamtaja babu yake.

"Alizikwa?"

"Ndiyo, alizikwa vizuri sana, kulikuwa na hema mbili."

"Basi mwache. Mtu hazikwi mara mbili."

Wingu lilikuwa linakuja. Wachira alitazama saa, akatazama anga, akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ya leo ikipotea hana nyingine. Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa kumwonea huruma. Ningependa kuandika kwamba liliniponyoka. Halikuniponyoka. Kwa wiki nzima nilikuwa nikilisikia lile bati kichwani, na chini yake nilikuwa nikiisikia hasira yangu: sahani, kochi, dirisha, miaka minne ya kusubiri mtu ambaye mimi nilikwisha kumlilia peke yangu. Nilitaka yaishe.

"Obonyo," nikasema. "Wa Usenge."

Mzee Joram alinitazama. "Alipotelea wapi?"

"Ziwani."

"Hajazikwa?"

"Hajazikwa."

"Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Mamako anajua?"

"Anajua."

Akanitazama kidogo zaidi. Kisha akavua kofia, na yule mtu wa meno mapya akatoweka. Sauti aliyoitoa sikuwa nimeisikia kwake. Alimwambia Obonyo kwamba tumemtafuta, kwamba tumemsubiri, kwamba sasa tunamlaza. Akalitaja jina mara mbili, akanitaka na mimi niliite mara moja, kwa sababu damu yake ni mimi. Nikaita. Yago likashuka. Sheryl alilia, na nadhani hakuwa anaigiza.

Wakoli alivua hedfoni, akazitikisa, akazivaa tena.

Niliandika daftarini: *Mara ya kwanza. Sawa. Hakuna haja ya kurudia.* Mvua ikaanza.

Jumatano, Machi 27

Wakoli anapiga mluzi. Ile sauti imekwisha. Imekatika jana, anasema, kama bomba lililofungwa, na leo msitu ni safi.

Saa sita Mama alinipigia simu. Kwa kawaida hunipigia Jumapili tu.

"Dorca, amenyamaza."

"Nani, Mama?"

"Kaka yako." Alikuwa akihema. "Sikukwambia kwa sababu una shule nyingi, ungenicheka. Tangu aondoke namsikia pale dirishani. Anachota maji anamwaga, anachota anamwaga. Usiku na mchana. Mtu anayechota maji bado hajazama, nyathina, mwanangu. Nilikuwa nikisema, akiweza yeye nami nitaweza. Tangu jana, kimya."

Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa lojing, mhudumu akifagia maji ya mvua kwenye ngazi, na kila alipoyasukuma nilitaka kumnyang'anya fagio.

"Amezama, Dorca," Mama akasema. "Amezama jana mchana."

Jumapili, Machi 31

Pasaka. Sikwenda nyumbani. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, Aprili 1

Wachira ameiunganisha ile sehemu ya mazishi na kuitia giza, akatuita tuone kwenye kompyuta yake. Ni usiku kweli. Ni nzuri mno. Miti imekuwa buluu, uso wa Mzee Joram unaelea, na kaburi ni jeusi kuliko kila kitu. Wote walipiga makofi. Mimi peke yangu niliona kwamba vivuli ni vifupi, vimejikunja chini ya miguu ya watu, kama vivuli vya saa sita. Usiku wenye vivuli vya mchana. Nilitoka nje.

Jumatano, Aprili 3

Mercyline amenipigia simu. Ni jirani yetu, anaanika omena kando ya za Mama.

"Wee Dorca, uko wapi? Mamako anaingia ziwani kila siku."

"Anaingia vipi?"

"Anapanda mashua za watu. Anasema mtoto amezama juzi juzi, mwili utaelea, lazima aokotwe kabla ndege hawajamwona. Jana upepo nusura uwapindue wafe. Leo wamekataa kumbeba, amekwenda kwa wengine. Hii mvua si ya kuchezea. Njoo umchukue."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Miaka minne nilijiambia Mama anakataa kukubali kifo. Kumbe alikuwa akimlinda mwanawe akiwa kazini. Nilipolitaja jina lake nilimpa Mama mwili wa kutafuta, na ziwa halina huo mwili.

Ijumaa, Aprili 5

Nilimkuta Mama akitoka majini. Wavuvi wawili walikuwa wamemshika mikono. Gauni limeganda mwilini, macho yamekuwa mekundu kwa kutazama maji.

"Umekuja kunisaidia," akasema. "Kesho tutaanzia upande wa kisiwani."

"Mama, hayuko huko."

Nikamwambia. Nilipiga magoti kwenye mchanga wenye magamba ya samaki, nikamwambia yote, hata ile "anajua". Wale wavuvi waliondoka polepole kama watu wanaopita kando ya mbwa aliyelala.

Nilitegemea kofi. Mama alikamua upindo wa gauni lake.

"Mlimweka wapi?"

"Msituni, kule Bondo."

"Nje ya boma."

"Ndiyo."

"Bila baba zake. Bila mimi. Na watu wa kamera." Alikamua tena, ingawa hapakuwa na maji. "Umemlaza kaka yako porini, Dorca, kama mwizi aliyechomwa. Hata angetaka kuja nyumbani angepitia wapi?"

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa.

"Mama, kuna mtu alikuwa akimsikia. Amemrekodi."

Jumamosi, Aprili 6

Wakoli aliweka mashine juu ya meza ya lojing, akamvisha Mama hedfoni juu ya kitambaa chake kama anayemvisha askofu. Hakuuliza swali. Alimpigia ya Machi 14, kisha ya 19. Mama alifumba macho. Baadaye niliona kiwiliwili chake kinaanza kwenda, kulia, kushoto, kulia, kwa mwendo wa mtu anayechota.

"Amechoka," akasema. "Pale kwangu alikuwa haraka. Hapa anapumzika katikati."

Kisha ya Machi 26. Nilimwona akiipita sauti ya Wachira, ya Calvince na babu yake. Nilijua mahali alipofika aliposhika ukingo wa meza.

"Rudisha."

Wakoli akarudisha. Mara nne.

"Hakuzama," Mama akasema. Aliongea kwa sauti kubwa kama wafanyavyo watu waliozibwa masikio. "Nasikia. Mtu akizama kopo linamponyoka, linagonga. Huyu ameweka kopo chini. Vizuri. Ameliweka, akanyamaza." Akafungua macho. "Ni nani aliyemwita pale?"

"Ni mimi, Mama."

"Mimi niliita miaka minne, hakuacha." Alizivua hedfoni akazishika mapajani. Sikuweza kusoma uso wake. "Labda nilikuwa namwita afanye kazi."

Hakunisamehe. Naandika hili kwa sababu nisipoandika nitaanza kulikumbuka vingine. Alisimama tu akasema, "Twende tukamchukue. Jua bado liko juu."

Mzee Joram, aliyeitwa na Wachira kwa simu, alitukuta msituni, bila suti. Alisalimiana na Mama kwa mikono miwili, akaniambia mbele yake, "Ulinifanya nimlaze mtoto wa mtu mamake hajui. Mazishi kumi na moja niliyafanya sawa. Haya ya kumi na mbili ni yako." Kisha akakunja suruali akashika jembe kabla ya vijana.

Udongo ulikuwa umelowa, ukatoka kwa urahisi. Calvince alishuka, akaingiza mkono mmoja chini ya shuka kama siku ile. Akaingiza wa pili. Akatutazama kutoka chini.

"Limekwama?" akauliza Wachira.

"Halijakwama."

Wachira akashuka. Wakoli akashuka. Ilibidi na mwanamume mmoja aliyepita njiani aitwe, na hao wanne walilitoa wakiguna, migongo imepinda, kwa zile hatua fupi za wabeba jeneza ambazo kila mtu anazijua. Shuka lilikuwa lile lile. Urefu ule ule, nimelipima kwa macho yangu yasiyosahau. Walipoliweka kwenye pikapu yetu, ilididimia kwa nyuma.

Wachira alikuwa na kamera begani. Niliona mkono wake ukiigusa. Kisha akaivua, akamkabidhi Sheryl aipeleke mbali, akaingia kuendesha mwenyewe, polepole kuliko nilivyowahi kumwona. Nilikuwa nimeanza kumchukia mtu huyu. Nimeacha.

Mama alikaa nyuma kando ya shuka, nami upande wa pili, wanaume wakiwa wamening'inia pembeni. Mzee Joram alimwambia azungumze naye njia nzima, asije akashuka pasipo pake. Kwa hiyo Mama alizungumza. Alimwambia, hapa ni Bondo, usishangae, wamejenga. Hapa ni sokoni Nyamonye. Yule mwenye mashua hakukasirika, alikuja kulia kwangu siku saba. Mercyline amepata mapacha. Omena msimu huu ni mbaya. Dada yako amemaliza chuo, ndiye huyu, anajua kuandika kila kitu isipokuwa barua kwa mamake. Mvua ilitunyeshea, na Mama hakunyamaza hata alipokohoa.

Baba wadogo, ambao Mama aliwapigia simu kabla hatujatoka lojing, walikuwa wamekwisha kuchimba upande wa kushoto wa nyumba ya Mama, mahali anapolazwa kijana asiyeoa. Saa tisa na dakika kumi alasiri tukasimama langoni. Mvua ikakatika.

Wale wanne walipanda wakajipanga, wawili huku wawili kule, wakatema mate viganjani. Mama akawazuia kwa kiwiko. Aliingiza mikono chini ya shuka akanyanyua kwa nguvu zake zote, nguvu za kuinua mtu, na nusura aanguke chali kutoka kwenye gari, kwa sababu hakukuwa na uzito. Lilikuwa tunda. Calvince alilishika akaliacha haraka kama lililomchoma.

Mama alilitazama, akatazama lango lililo wazi, na njia iendayo nyumbani, nyasi zake zimelala kwa maji.

"Msinikodolee macho," akasema. "Ameshuka mwenyewe."

Akanipa tunda nilibebe, akapandisha gauni lake, akatangulia mbio kwenda kumfungulia mlango.